Yule Unayemwigiza ni Mtoto wa Nani?

Nilipoanza kuigiza ajuza kwenye televisheni nilikuwa na miaka 32, magoti yangu mazima, mtoto wangu wa pili bado ananyonya. Walikuwa wananipaka unga wa ngano kichwani nipate mvi. Mwaka huu natimiza 60, mvi ninazo za kwangu, na nikipita soko la Majengo hapa Dodoma wauza mboga bado wananiita Bibi Nyemo, jina la mhusika niliyemvaa kwa miaka 25. Wengi hawajui jina langu halisi, wala hilo halijawahi kuniuma. Walionifanya niandike haya ni vijana wanaokuja nyumbani kuniuliza namna ya kuingia kwenye vichekesho. Kila mmoja huuliza lile lile, nami kila mmoja humjibu kipande tu kabla chai haijapoa.

Sikuanzia kwenye kamera. Mimi ni mtoto wa Mvumi, kilomita 40 hivi kutoka mjini, na utotoni mwangu vichekesho vilikuja kwa redio. Pwagu na Pwaguzi wakianza kule Redio Tanzania, mwenye redio aliitoa nje na kuiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, sisi tukakaa chini kuizunguka. Nilikuwa nashangaa jinsi watu ambao hatuwaoni wanavyoweza kumfanya baba yangu, mtu mgumu wa maneno, ashike mbavu. Nikasomea ualimu Mpwapwa, nikafundisha shule ya msingi mjini, na huko ndiko nilikoanza kutunga vichekesho vya Mei Mosi na vya kufunga shule. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tukaunda kikundi cha walimu na wauguzi, tukawa tunazunguka minadani na kwenye vituo vya afya na maigizo ya UKIMWI. Mnada ni shule kali. Mtu amekuja kununua mbuzi. Ukimchosha kwa dakika moja tu, anarudi kwa mbuzi wake.

Lakini mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mama, naye sikuwahi kumsikia akisimulia kichekesho hata kimoja. Alikuwa mpigaji wa muheme. Kwetu Wagogo ngoma hiyo hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, na anayeongoza ndiye anayeamua ni lini wenzake wabadilishe mwendo. Nilikuwa nakaa nyuma yake. Kabla ya kubadilisha, mama alinyanyua viganja na kuviacha hewani. Muda mfupi sana, wa kupepesa jicho mara mbili. Wachezaji wote walining'inia kwenye ule ukimya, mabega juu, shingo zimenyooka, kisha viganja vikashuka na uwanja mzima ukapiga kelele. Miaka mingi baadaye mwongozaji mmoja aliniuliza nilikojifunzia kusubiri kabla ya kutoa neno la mwisho. Nilimwambia nimejifunzia nyuma ya mgongo wa mama.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Mimi niliitwa Dar es Salaam mwaka 1998 na kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza michezo ya kuigiza. Mtu wao alikuwa ametuona mnadani. Nikapanda basi la alfajiri, nikafika jioni miguu imevimba, nikapewa karatasi mbili. Mhusika wangu hakuwa na jina. Palikuwa pameandikwa: Ombaomba wa Kigogo.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa miaka mingi, karibu kila jukwaa la Dar es Salaam lilimpa Mgogo kazi moja, kunyoosha mkono. Nikaigiza. Nilipinda mgongo, nikatetemesha mikono yote miwili, nikatoa sauti ya mbuzi, nikavuruga Kiswahili kwa makusudi. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi turudie. Wakaniita tena mara tano.

Mama aliniona kwenye televisheni ya kaka yangu pale Area C, nusu ya ukoo imejazana sebuleni. Nilikuwepo. Alisubiri mpaka watu wametawanyika, tukabaki wawili jikoni tukichambua mlenda.

"Umeigiza vizuri, mwanangu. Watu wamecheka sana," akasema. "Sasa niambie, yule unayemwigiza ni mtoto wa nani?"

Nikamjibu kwamba hana kwao, ni ombaomba tu.

"Bibi yangu alitembea na kibuyu mpaka Mpwapwa kuomba punje za mtama," akasema mama. "Na alikuwa na kwao."

Akaendelea kuchambua mlenda.

Alikuwa ananikumbusha Mtunya. Wagogo wa rika langu tumelelewa na neno hilo. Ni njaa ya 1917 hadi 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokatika hapakuwa na akiba ghalani, wala mifugo ya kubadilishana kwa chakula. Watu walikufa kwa maelfu, waliosalia wakatawanyika kutafuta pa kula. Nchi yetu ni ya mvua chache, na njaa zilirudi tena na tena baada ya hapo, kila moja ikiwatoa watu makwao. Mkono nilioufanya kichekesho ulikuwa mkono wa bibi yake mama yangu, nami nilikuwa nimelipwa posho na nauli kwa kuutetemesha.

Waliponiita mara ya sita niliomba mambo mawili: mhusika apewe jina, na ijulikane ametoka kijiji gani na anataka nini mjini. Mtayarishaji akasema kipindi ni cha kuchekesha, hakuna muda wa historia. Sikugombana naye. Nilirudi Dodoma bila kazi na bila kinyongo, nikanunua daftari la mistari, na ndani ya basi, kabla hatujafika Morogoro, Bibi Nyemo alikuwa ameshazaliwa. Binti wa mpiga zeze. Mama wa watoto wanne. Mjane wa mfanyakazi wa reli, ana shamba la uwele na mbuzi saba, na amekuja mjini kufuata mafao ya marehemu mumewe. Yule wa kwanza alikuwa anaomba. Huyu alikuwa anadai chake. Ajuza ni yule yule, khanga ni zile zile, ila mkono haukunyooshwa tena. Ulikuwa umeshika karatasi.

Ikabidi nijifunze upya hata kuzeeka. Nilikwenda Mvumi likizo nzima nikakaa na bibi mzaa baba, aliyekuwa amepita miaka 80. Nilimtazama kama mwanafunzi anavyotazama ubao. Nikagundua kwamba bibi hatetemeki. Anazuia kutetemeka. Akishika kikombe cha chai, nguvu yote ya mwili wake inakwenda kwenye kuhakikisha hakimwagiki, na macho yake yanatulia kwenye chai kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Akitaka kuinuka, safari inaanza mapema: anatafuta pa kuweka mkono, anatuliza goti la kulia, halafu ghafla anazungumzia jambo jingine kabisa, labda jirani aliyeuza ng'ombe au mvua ya mwaka juzi, ili watu wasikilize maneno wasitazame anavyoinuka. Hilo la kuzungumza jambo jingine ndilo lililonipa kazi miaka yote. Karibu kila kichekesho cha Bibi Nyemo kilikuwa mtu mwenye heshima zake anayefunika ugumu fulani kwa mazungumzo, na watazamaji wanaona yote mawili kwa pamoja.

Kampuni nyingine ilimkubali mwaka 1999. Nikawa nafundisha siku za wiki na kuandika usiku, kisha mwisho wa wiki nateremka Dar es Salaam kurekodi. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, kinakubakizia dakika 22 hivi. Mwanzoni niliandika maneno mengi mno. Nikupe mfano mmoja ambao watu wanaukumbuka mpaka leo. Bibi Nyemo yuko kaunta ya ofisi, karani anamwambia, "Bibi, njoo kesho." Daftari langu la kwanza lina mistari kumi na moja ya Bibi akimjibu: anaeleza umbali wa kwao, nauli, mbuzi aliowaacha kwa jirani, mpaka anamlaani karani. Tulipofanya mazoezi watu walitabasamu, basi. Usiku nikafuta mstari mmoja, nikafuta wa pili, nikaendelea mpaka uliobaki ni mmoja. Asubuhi tukarekodi hivi: karani anasema njoo kesho. Bibi anamtazama. Anakunjua mkeka, taratibu, anautandika mbele ya kaunta. Anavua viatu, anavipanga. Anakaa, ananyoosha khanga miguuni. Ndipo anasema, "Nimeambiwa kesho. Naisubiri hapa hapa."

Kile kitendo cha kupanga viatu hakikuwa kwenye daftari. Kilikuja chenyewe, kwa sababu nilikuwa namjua Bibi Nyemo ni mtoto wa nani. Mtoto wa nyumba ile haachi viatu ovyo hata akiwa anagombana na serikali. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliniambia kwamba walikaa kwenye foleni fulani, mtu mmoja akasema maneno yale, na ofisi nzima ikacheka, karani akiwemo. Hilo la karani kucheka ndilo lililonifurahisha zaidi.

Sasa nije kwenye jambo zito.

Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilishindwa, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hapa Dodoma hapakuwa na mtaa ambao haukuguswa. Na sisi wiki hiyo tulikuwa tumesharekodi kipindi ambacho Bibi Nyemo anasafiri kwa treni na kuku watatu. Nilipiga simu nikiwa nimesimama nje ya hospitali, nikawaomba wasikirushe. Wakakiondoa, na hakikurushwa tena hata baada ya miaka. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Nilijiuliza nitavaaje zile khanga tena na kucheka mbele ya watu hawa.

Jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe kwenye treni ile. Siku ya nne ya msiba mjane alikuwa bado hajala, amekaa kwenye mkeka anatazama ukuta, wanawake wamemzunguka wanalia kwa zamu. Akaingia mtani wetu, Mnyamwezi wa Tabora, mfanyakazi wa reli aliyestaafu, mzee mrefu anayetembea kama anapima mbao za reli. Alisimama mlangoni akatutazama wote, akasema kwa sauti ya kulalamika, "Nyie Wagogo, maji ya kunywa hamna mwaka mzima. Haya ya kulilia mmeyatoa wapi?"

Kukawa kimya. Ulikuwa ule ukimya wa viganja vya mama, ule ule, nikausikia kifuani. Kisha mjane akacheka. Alicheka huku analia, akamwita mtani majina mabaya, mtani akamrudishia mabaya zaidi, na wanawake wakaanza kufuta macho na kusogeza sufuria. Jioni ile mjane alikula uji.

Nililala nikimwaza yule mzee. Mimi ningesema maneno yale, ningefukuzwa, na ningestahili. Kwa nini yeye aliweza? Nikakumbuka siku nne zilizopita. Ni yeye aliyekuwa anabeba madumu ya maji alfajiri. Alikuwa kati ya waliochimba kaburi. Alilala nje kwenye baridi ya Juni ya Dodoma, na nyinyi mnaoijua mnaelewa ni baridi ya namna gani. Yeye mwenyewe alikuwa amezika wenzake wa reli wiki hiyo. Utani wa Wanyamwezi na Wagogo ni wa tangu enzi za misafara, watu walipopita nchi ya wenyewe wakitafuta maji, na una sheria yake: anayekutania ndiye anayekuzika. Utani ni nusu ya mkataba, nusu nyingine ni dumu la maji na sepetu. Kwenye kamera mimi nilikuwa nachukua utani, sepetu naiacha.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kuandika. Sikuandika tena mhusika wa kabila, wa dini au wa kazi ambayo nisingeweza kwenda msibani kwao na kukaa kwenye mkeka bila aibu. Nilipotaka kuandika muuza samaki wa Mtera, nilikwenda Mtera. Nilipotaka kumwandika mlinzi wa usiku, nilikaa getini na mlinzi wa shule yetu siku tatu, nikanywa chai yake. Kazi ikawa inachelewa, na wenzangu wengine walinung'unika, kwa haki kabisa, maana kipindi cha kila wiki hakina huruma. Ila vichekesho vikawa vinadumu.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, ingawa nimelipia somo hili kwa gharama kubwa. Mkataba wangu wa kwanza niliusaini kwenye boneti ya gari, magari yakipiga honi. Ulisema nalipwa kwa kipindi, mara moja. Marudio hayakulipwa. Kanda zikageuka CD, CD zikauzwa stendi, sikupata hata shilingi. Mwaka 2009 nilipotaka kuondoka, nikaambiwa jina la Bibi Nyemo ni mali ya kampuni. Mwaka mmoja na nusu sikuweza kumvaa. Aliyeniokoa ni lile daftari la mistari la ndani ya basi, lenye tarehe, na wakili wa msaada wa kisheria aliyejua kulisoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, ule ule Bibi Nyemo alioanza kurushwa; inalinda kazi tangu unapoiandika, lakini lazima uwe na cha kuonyesha. Nilikuwa sijawahi hata kuisikia. Kijana, andika, weka tarehe, hifadhi. Mkataba ukiletwa, uchukue nyumbani ulale nao. Uliza nani anamiliki jina la mhusika, marudio yanalipwaje, na kwenye intaneti itakuwaje. Anayekuharakisha usaini leo leo ana sababu yake.

Nimeshuhudia wakubwa wa kazi hii wakiondoka. Mzee Small, Said Ngamba, mwaka 2014. King Majuto, Amri Athuman wa Tanga, tarehe 8 Agosti 2018. Majuto nilikuwa namsoma kama kitabu: macho yake yalifika kwenye kichekesho kabla ya mdomo, na mtazamaji alishaanza kucheka wakati neno bado liko njiani. Alipokuwa mgonjwa habari za mikataba ya wasanii zilizungumzwa mpaka wizarani, na nilisikitika kwamba ilibidi mzee augue ndipo zizungumzwe. Walikuja pia vijana wa Ze Comedy, EATV, ambao baadaye walihamia TBC kama Orijino Komedi, wakageuza kabisa mwendo wa vichekesho vya nchi hii: vifupi, vya haraka, vya kuiga watu wakubwa. Wenzangu wengine waliwachukia. Mimi nilikaa nikawatazama kila wiki, nikajifunza kukata.

Mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ilizimwa hapa Dodoma, kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Watazamaji wangu wa vijijini, wale hasa niliokuwa nawaandikia, wengi walitupotea kwa muda. Walirudi baadaye kwa simu za mkononi. Na mji wenyewe ukabadilika: serikali ilipoanza kuhamia huku kwa vitendo mwaka 2016, Dar es Salaam nzima ikaja na utani wake. Nilipata watumishi waliokuja kuomba radhi kwa vichekesho walivyovicheka juu ya Wagogo, sasa ni wapangaji wetu na wanakula ugali wa uwele. Niliwapokea vizuri. Utani unataka ujirani.

Jumamosi nakaa na vijana kumi na watano hivi kwenye darasa la shule moja Chang'ombe. Mmoja wao, kijana mwenye kipaji ambacho sijakiona muda mrefu, alitengeneza video ya muuza zabibu mwenye kigugumizi anayefanya biashara karibu na Nyerere Square. Ilitazamwa sana. Alinionyesha akitegemea sifa. Nikamuuliza swali la mama.

"Mama, yule ni muuza zabibu tu," akanijibu.

Sikumkaripia, maana jibu lile nililitoa mimi jikoni Area C. Nilimwambia aende akauze naye zabibu wiki nzima, abebe ndoo, apige mahesabu, arudi. Alirudi siku ya tisa, mtu mwingine. Akaniambia muuza zabibu akiimba bei zake hagugumii hata kidogo. Akaniambia pia kwamba wateja hawana subira, wanammalizia maneno, na wanayamaliza vibaya. Anataka kusema elfu tatu, ameanza "elfu... elfu...", mteja anarukia "elfu nne?" na kutoa noti. Muuzaji anamrudishia chenji yake na kumsubiri mpaka aone haya. Video mpya ikawa juu ya wateja wasio na subira, na muuza zabibu mwenyewe ndiye aliyeigiza, kwa malipo. Nilicheka mpaka nikashika meza. Sasa wanaandika pamoja.

Nimerekodi kipindi cha mwisho cha Bibi Nyemo mwaka 2024. Nilikwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, iliyokuwa imeanza safari za Dodoma Julai hiyo, saa tatu na ushei, safari ambayo ilikuwa inanila siku nzima. Dirishani nilitazama vituo na vilima ambavyo nimeviandikia maisha yangu yote. Tulipokaribia Igandu nilifunga daftari, nikakaa kimya mpaka tukapita.

Lakini tendo la mwisho la kweli la Bibi Nyemo lilikuwa kabla ya hapo, na sikuliigiza mimi. Mama alifariki mwaka 2019. Tulimpeleka kwao Mvumi. Wanawake wa muheme waliokuwa hai walikuja na ngoma zao, wakazilaza chini bila kuzipiga. Mchungaji amemaliza sala, vijana wameshika kamba, jeneza liko tayari kushushwa. Hapo tukaona mtu anakuja kutoka nyuma ya umati akiwa amevaa khanga mbili, ameinama kidogo tu, anazuia kutetemeka. Alikuwa mtani wetu wa Tabora, wakati huo ana miaka zaidi ya 80. Tangu juzi yake alikuwa pale anabeba maji kwa ndoo ndogo, maana dumu lilikuwa limemshinda.

Alifika kwenye ukingo wa kaburi. Akakunjua mkeka, taratibu, akautandika. Akavua viatu, akavipanga. Akakaa, akanyoosha khanga miguuni, akamtazama mchungaji, akasubiri. Viganja vyake vilikuwa hewani.

"Nimeambiwa kesho," akasema. "Naisubiri hapa hapa."

Nilicheka mpaka nikapiga magoti, na wanawake wa muheme wakacheka, na mchungaji akageuza uso. Kaka yangu akatoa shilingi elfu kumi, mtani akazikataa, akazidi kujinyoosha. Tukachanga mpaka elfu thelathini. Akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akanipa mkono nimwinue. Huku anainuka akaniuliza habari za mvua za mwaka ule. Tukamshusha mama.